Macho Hayana Pazia: Miwani Yenye Kamera na Adabu ya Kupiga Hodi

Wahenga wetu walisema macho hayana pazia. Walikusudia kwamba jicho likiwa wazi haliwezi kuzuiwa lisione kilicho mbele yake, na kwa hivyo mtu halaumiwi kwa kukiona kitu ambacho hakukitafuta. Lakini wazee hao hao walijua pia kwamba jicho husahau. Aliyepita mlangoni akaona lisilompasa, huinamisha uso akaenda zake, na baada ya siku mbili tatu lile aliloliona limekwisha kufifia moyoni mwake. Adabu zetu nyingi za kutazama na kutazamwa zilijengwa juu ya msingi huo.

Sasa limekuja jicho ambalo halisahau. Miwani, chombo tulichokijua miaka yote kuwa ni msaada wa mtu asiyeona vyema, imetiwa kamera, maikrofoni, spika na kompyuta ndogo sana. Mvaaji aweza kupiga picha, kurekodi mazungumzo na kuvipeleka vyote hivyo mtandaoni bila ya kutia mkono mfukoni kutoa simu. Wiki hii tumependelea tuzungumze na familia zetu juu ya chombo hiki: kimetoka wapi, kimeundwaje, na kinatudai nini sisi ambao tumelelewa kupiga hodi kabla ya kuingia nyumba ya mwenzetu.

Kutoka chumba hadi pembe ya fremu

Neno kamera ni la Kilatini, na maana yake ni chumba. Limetokana na jina la kale, chumba cha giza, ambalo mtaalamu wa falaki wa Kijerumani, Johannes Kepler, alilitumia katika maandishi yake ya mwaka 1604. Elimu yenyewe ya chumba hicho ilikuwa imekwisha kufafanuliwa kwa Kiarabu karne nyingi kabla yake. Al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965 na kufanya kazi yake kubwa mjini Kairo, aliandika Kitab al-Manazir mwanzoni mwa karne ya 11. Humo alithibitisha kwamba jicho halitoi miali kwenda kuvigusa vitu, kama walivyodai baadhi ya Wayunani, bali nuru hutoka kwenye vitu ikaingia jichoni. Alipanga taa kadhaa nje ya chumba chenye giza kilichotobolewa tundu dogo, akaona kila taa ikitia doa lake la nuru ukutani. Alipoiziba taa moja, doa la taa hiyo peke yake ndilo lililotoweka.

Kwa hivyo kamera ilianza ikiwa ni chumba ambacho mtu aliweza kuingia ndani yake. Baadaye ikawa sanduku la kuwekwa mezani. Uvumbuzi wa Louis Daguerre ulipotangazwa mjini Paris mwaka 1839, picha moja ilihitaji dakika kadhaa za nuru, na aliyetaka kupigwa picha ilimbidi akae kitako bila ya kutikisika. Katika zama hizo haikuwezekana kuipiga sura ya mtu pasi na yeye kujua. Ridhaa yake ilikuwa sehemu ya kazi yenyewe.

Sanduku likapungua hadi likashikika mkononi, kisha likaingia ndani ya simu. Hata hivyo simu ina ishara yake. Anayetaka kupiga picha huiinua, huielekeza, huitazama. Naye aliye mbele yake hutambua, akaweza kugeuza uso, kuvuta mtandio au kuinua kiganja. Miwani imeiondoa ishara hiyo, kwani kumtazama mtu na kumpiga picha sasa ni tendo moja kwa sura ya nje. Historia yote tutakayoieleza hapa chini inalizunguka jambo hili moja: vipi mtu aliye mbele ya miwani atajua?

Aliyeivaa kabla ya wengine

Miongoni mwa waasisi wa fani hii ni Steve Mann, raia wa Kanada, aliyeanza kujiundia kompyuta za kuvaliwa mwilini tangu ujanani mwake, zaidi ya miaka 40 iliyopita. Vifaa vyake vya awali vilikuwa vizito, vyenye nyaya na antena, na kila aliyekutana naye njiani alimshangaa. Mwaka 1994 alikuwa tayari akipeleka kwenye intaneti picha za yale aliyokuwa akiyaona, na baadaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Toronto. Hoja yake ilikuwa kwamba serikali na maduka makubwa yametundika kamera kila pembe kuwatazama watu, basi mtu wa kawaida naye awe na kamera yake ya kuwatazama wanaomtazama.

Hoja hiyo ina uzito, na haifai kupuuzwa. Lakini yeye mwenyewe aliuonja upande wa pili wa jambo. Mwezi Julai 2012 alieleza kwamba wafanyakazi wa mkahawa mmoja mjini Paris walijaribu kumvua miwani yake kwa nguvu, ilhali ilikuwa imefungwa kichwani na alikuwa na barua ya daktari kuihusu. Wenye mkahawa walikanusha kwamba alifanyiwa ukatili. Tukio hilo lilitangulia kuonyesha ugomvi ambao ungekuja kuwafika wengi.

Google na somo la mwaka 2013

Mwezi Aprili mwaka huo huo wa 2012, kampuni ya Google ilikuwa imetangaza miwani yake iliyoitwa Glass. Mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa nchini Marekani kwa watu maalumu, kwa dola 1,500. Juu ya jicho la kulia palikuwa na kipande kidogo cha kioo kilichomwonyesha mvaaji ramani na ujumbe, na kando yake kamera ya megapikseli 5. Picha iliweza kupigwa kwa kubonyeza kitufe, kwa kutamka amri, na baadaye hata kwa kukonyeza jicho.

Waundaji walishughulika mno na mvaaji: aone nini, asikie nini, aamuru vipi. Aliye mbele yake hakufikiriwa kwa kiasi hicho. Hapakuwekwa taa maalumu ya kumjulisha kwamba kamera inarekodi. Aliloweza kuona ni kile kioo kidogo kikimetameta, nacho kilimetameta hata mvaaji alipokuwa akisoma ujumbe tu. Basi watu wakaishi na shaka. Mkahawa mmoja wa Seattle ulitangaza kuipiga marufuku Machi 2013, kabla hata haijawafikia watu wengi. Mwezi Mei wabunge wanane wa Marekani wakamwandikia barua mkuu wa Google, Larry Page, wakiuliza juu ya faragha ya wasioivaa. Muda mfupi baadaye kampuni ikakataza programu za kutambua nyuso katika kifaa hicho. Mitaani, wavaaji wakabandikwa jina la matusi lililochanganya jina la miwani yenyewe na neno chafu. Januari 2015 Google ikaacha kuiuza kwa watu wa kawaida.

Lakini haikufa wakati huo. Iliendelea kutumika viwandani, kwenye maghala na kwa baadhi ya matabibu hadi Machi 2023. Kiwandani fundi aliihitaji ili asome mchoro wa mashine huku mikono yake miwili ikiwa kazini, na wenzake wote walijua kwa nini ameivaa. Chombo kile kile kilichofukuzwa mkahawani kilipokewa kiwandani kwa sababu huko hakuna aliyeshtukizwa.

Snap ilijaribu njia nyingine. Mwezi Novemba 2016 ilianza kuuza miwani ya jua iliyoitwa Spectacles kwa dola 129.99, tena kwa mashine za kuuzia zilizohamishwa kutoka mji hadi mji. Ilikuwa na pete za manjano kwenye pembe zake, na duara la vitaa vilivyozunguka kwa mwanga wakati wa kurekodi. Klipu moja ilikuwa ya sekunde 10. Yeyote aliyeiona alijua kuwa hiyo ni kamera. Na kwa maoni yetu huo ulikuwa uungwana katika usanifu. Soko halikuuthamini. Mwaka 2017 Snap ilitangaza hasara ya karibu dola milioni 40 kwa sababu ya bidhaa zilizobaki bila wanunuzi.

Kamera ikavaa nguo za kawaida

Septemba 2021, kampuni ya Facebook, ambayo sasa ni Meta, ikishirikiana na EssilorLuxottica, watengenezaji wa miwani ya Ray-Ban, walitoa Ray-Ban Stories kwa dola 299. Safari hii hawakubuni umbo jipya. Walichukua fremu zinazojulikana duniani, ikiwamo Wayfarer ya tangu miaka ya 1950, wakaficha kamera mbili za megapikseli 5 kwenye pembe zake. Mwezi Oktoba 2023 ikafuata Ray-Ban Meta, yenye kamera moja ya megapikseli 12 pembe moja, na taa ya kuonya pembe ya pili.

Inafaa tueleze kidogo namna ilivyoundwa, kwani anayeijua ataitambua. Mikono ya miwani, yaani vile vijiti viwili vinavyoshika masikio, ni minene kuliko ya kawaida, kwa sababu ndani yake mna betri, prosesa na spika. Spika hazizibi sikio, hupeleka sauti kutoka juu yake. Maikrofoni ni tano, moja ikiwa karibu na pua. Juu ya mkono wa kulia pana kitufe: kikibonyezwa hupiga picha, kikishikiliwa hurekodi video. Ubavu wa mkono huo huo huguswa kwa kidole kuongeza au kupunguza sauti. Uzito wote ni kama gramu 50. Humo mnahifadhiwa gigabaiti 32 za picha na video kabla ya kuhamishiwa kwenye simu. Betri hudumu kwa takriban saa nne za matumizi, na kifuko cha kuhifadhia miwani ndicho kinachoichaji.

Maadui wa mwenye kuiunda ni watatu: uzito, joto na betri. Pua na masikio haviwezi kubeba mzigo kutwa nzima. Prosesa inayopata moto haiwezi kulazwa kwenye panja la mtu. Na betri kubwa ingeurudisha uzito ule ule. Kwa hiyo kazi nzito haifanyiki ndani ya miwani. Mvaaji anapouliza kwa sauti, “Hiki kilicho mbele yangu ni kitu gani?”, picha hupigwa, hupelekwa kwa simu, kisha kwa kompyuta za kampuni zilizoko mbali, ambako akili unde huichambua na kurudisha jibu sikioni. Msomaji azingatie safari hiyo. Meta imekiri kwamba picha zinazopelekwa kwa akili unde yake zaweza kutumika kuifunza. Na tangu Aprili 2025, rekodi za sauti zinazoanza kwa neno la kuiita huhifadhiwa kwake kama jambo la kawaida, na ni juu ya mtumiaji kuzifuta.

Wateja wameipenda. Mwezi Februari 2025 EssilorLuxottica ilieleza kwamba jozi milioni 2 zimeuzwa tangu Oktoba 2023. Mwaka huo huo ikaanza kuuzwa katika Umoja wa Falme za Kiarabu, nchi ambayo familia nyingi za Pwani zina jamaa zao wanaofanya kazi huko. Mwezi Juni Xiaomi ya Uchina ikatoa miwani yake yenye kamera, ya gramu 40 hivi. Mwezi Septemba Meta ikaleta nyingine ya dola 799 yenye kioo cha kuonyesha maandishi ndani ya lenzi ya kulia, inayoamrishwa kwa ukanda wa mkononi unaosoma mishipa ya misuli. Google nayo imetangaza kurudi uwanjani.

Tukiyapanga hayo yote kwa mfuatano, twaona jambo la kuzingatiwa. Miwani iliyoonekana ya ajabu ilikataliwa. Iliyojitangaza kuwa ni kamera iliachwa madukani. Iliyofanana na miwani ya kila mtu ndiyo iliyonunuliwa. Soko limetoa tuzo kwa kujificha.

Taa ndogo kuliko punje ya mchele

Kilichobaki cha kumjulisha aliye mbele ni taa moja nyeupe. Ilipotoka ile ya mwaka 2021, Tume ya Ulinzi wa Data ya Ireland pamoja na mamlaka ya Italia zilihoji kama taa ndogo namna ile yatosha kumjulisha mtu kwamba anarekodiwa, zikaitaka kampuni ithibitishe. Toleo la 2023 likaongezewa ukubwa wa taa, na likawekwa kihisio: taa ikizibwa, kamera hukataa kupiga na mvaaji huambiwa aondoe kizibo. Hatua hiyo ni njema, na inaonyesha kwamba wasimamizi wakiuliza, wenye viwanda husikia.

Pamoja na hayo, taa ina mipaka yake. Mchana wa jua kali la Pwani, taa ndogo haitambulikani kwa urahisi. Mtoto, na hata mtu mzima ambaye hajawahi kuambiwa, akiiona hajui maana yake. Asiyeona haioni kabisa. Na anayesimama ubavuni, huku sauti yake ikiingia kwenye maikrofoni, hana taa ya kumwonya. Kisha mwezi Oktoba 2025 waandishi wa habari wa Marekani walifichua kuwako kwa fundi anayeizima taa hiyo kwa dola 60, na kamera ikaendelea kufanya kazi kama kawaida. Mlinzi aliyewekwa na kiwanda ameweza kununuliwa kwa bei ya viatu.

La kutisha zaidi lilionekana mwaka mmoja kabla ya hapo. Oktoba 2024, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard waliiunganisha miwani ya kawaida ya dukani na huduma ya mtandaoni ya kutafuta nyuso. Mvaaji alimtazama mtu asiyemjua ndani ya treni, na baada ya muda mfupi simu yake ikamletea jina la mtu huyo, na hata anwani ya nyumbani. Wanafunzi hao walikataa kuitoa programu yao kwa umma. Walitaka watu waonywe tu. Hakuna kilichobuniwa upya hapo. Vipande vyote vilikuwa vimekwisha kuwako, vilingojea mtu wa kuviunganisha.

Kheri yake nayo tuitaje

Si haki kukitaja chombo kwa shari yake peke yake. Mwaka 2015, Hans Jørgen Wiberg wa Denmark, ambaye mwenyewe ana udhaifu wa macho, alizindua programu ya Be My Eyes. Asiyeona huelekeza kamera ya simu, na mtu wa kujitolea popote alipo humsomea tarehe ya dawa, rangi ya nguo au nambari ya mlango. Ugumu ulikuwa kwamba mkono mmoja umeshika fimbo na wa pili umeshika simu, basi mkoba ushikwe na nani? Kwa sasa huduma hiyo yapatikana kupitia miwani ya Ray-Ban Meta, na mikono ikawa huru. Kampuni ya Envision ya Uholanzi nayo iliichukua ile Glass ya Google ya viwandani ikaifanya kisomeo cha wasioona: huwasomea barua, maandishi ya mabango, na kuwaelezea kilichopo mbele yao.

Mtu mwenye uhitaji huo akiingia mahali petu na miwani ya namna hiyo, haifai kumnyooshea kidole. Miwani hiyo ndiyo macho yake. Tukiweka kanuni, tuziweke tukimkumbuka yeye kwanza.

Yanayotugusa nyumbani

Nyumba za kale za mawe za Lamu zilijengwa kwa daraja. Nje pana daka lenye mabaraza, ambapo mgeni wa kawaida hukaa. Kisha njia ya kuingilia hupinda, ili apitaye barabarani asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Ndani zaidi ndimo wanamokaa wenye nyumba kwa raha zao. Mjenzi alijua kwamba macho hayana pazia, basi akaliweka pazia hilo ndani ya ukuta. Na palipokosekana ukuta, hodi ilishika nafasi yake: mtu hubisha mara tatu, asipojibiwa hurudi alikotoka bila ya kinyongo. Dini yetu imetufunza hivyo, na mila imeshika vivyo hivyo.

Fikirini basi shughuli ya kupamba bibi harusi. Kina mama huingia ukumbini, buibui zikavuliwa, nywele zikaachwa wazi, wakacheza na kufurahi wakijua hapana mwanamume. Siku hizi wenye shughuli nyingi huomba simu zisitolewe, au huweka mtu mlangoni wa kuzikusanya. Kanuni hiyo imefanya kazi kwa sababu simu huonekana ikitolewa, na mtu aweza kukaa saa tatu bila ya simu. Miwani ni jambo jingine. Hutiwa lenzi za daktari, na mwenye kuivaa akiambiwa avue, hatoona njia ya kutokea. Je, mwenye shughuli atamwambia nini mgeni wake wa heshima? Na video moja ya dakika moja, iliyopelekwa kwa shoga aliyeko ng’ambo bila ya nia mbaya, ikimfikia asiyestahiki kuiona, ni nani atakayeirudisha? Ndoa zimewahi kuvunjika kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Nchi yetu haikukaa bila ya sheria. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 chalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ilianzisha ofisi ya Kamishna wa Data. Mwezi Septemba 2023 ofisi hiyo iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ya ridhaa ya wazazi, na ukumbi mmoja wa burudani ukatozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ya idhini yake. Wenye madrasa, shule na kumbi za harusi na wazisome hukumu hizo kwa makini, kwani zinawahusu.

Hata hivyo sheria hiyo hiyo imeyaacha nje matumizi ya mtu binafsi ya nyumbani kwake. Na hivyo ndivyo ilivyo kila mahali: sheria haiwezi kukaa sebuleni mwa kila nyumba. Baina ya jamaa na jamaa, baina ya mgeni na mwenyeji, kinachohukumu ni adabu. Kwa hiyo tunapendekeza haya kwa familia zetu.

Kwanza, anayemiliki miwani ya aina hii aseme mwenyewe anapoingia nyumba ya watu, bila ya kungoja kuulizwa: “Miwani yangu ina kamera, nimeizima.” Kisha aizime kweli, mfano wa Ray-Ban Meta una swichi upande wa ndani wa mkono, na ikizimwa hubaki miwani ya kawaida, lenzi zake zikaendelea kumsaidia kuona. Maneno hayo machache ndiyo hodi ya miwani.

Pili, wenye shughuli za kina mama waitaje miwani katika kadi na mlangoni kama wanavyoitaja simu. Mwenye lenzi za daktari aombwe mapema aje na miwani yake ya kawaida. Akiwa hana nyingine, na aingie na miwani yake imezimwa mbele ya mwenyeji, kwa staha, asiaibishwe mbele za watu.

Tatu, madrasa, zahanati na ofisi za wasuluhishi wa ndoa ziwe na kanuni iliyoandikwa ukutani. Mgonjwa anayemweleza tabibu maradhi yake, na mke anayemweleza msuluhishi masaibu yake, wote wana haki ya kujua kwamba maneno yao hayarekodiwi.

Nne, watoto wafunzwe kuitambua taa hiyo nyeupe na maana yake, na wafunzwe kusema bila ya woga, “Tafadhali usinipige picha.” Mzee akiambiwa hivyo na mtoto asikasirike, kwani mtoto huyo amelelewa vyema.

Tano, anayeletewa zawadi hiyo kutoka Ghuba, Ulaya au Marekani akae na mtu anayejua, wafungue programu yake kwenye simu, watazame ni rekodi gani zinazohifadhiwa na kampuni, na wafute wasiyoyataka yabaki huko.

Wenye viwanda wataendelea kuzifanya kamera ndogo zaidi, na ipo siku taa yenyewe haitaonekana. Hatuwezi kuwazuia wasiunde, wala haitufai kuwakataza vijana wetu wasijifunze elimu hiyo, ambayo mmoja wa waasisi wake aliiandika kwa Kiarabu miaka 1,000 iliyopita. Tunaloliweza ni kulinda desturi tuliyoachiwa: kwamba nyumba ya mtu haiingiwi ila kwa idhini yake, na sura ya mtu, kama nyumba yake, ina mlango. Anayetaka kuingia, na apige hodi. Na akiambiwa hapana, arudi kwa amani.